Gundi ya Bawa la Kulia

Mama Pacha ndiye aliyenipa habari, tukiwa bombani, ndoo yake imejaa zamani na yeye haondoki.

"Jirani yako Fundi Saa ananusa gundi," alisema. "Mtu mzima na mvi zake! Tangu amzike binti yake anajifungia na makopo tu. Harufu ile huisikii, au pua umeazima?"

Harufu nilikuwa naisikia. Chumba changu na chake vinagawana ukuta mmoja, na mwanangu alikuwa na miezi saba, kifua chake bado hakijakomaa. Nilisema moyoni, mzee namheshimu, lakini mtoto ni wangu. Nikambeba mgongoni nikaenda kupiga hodi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya harufu."

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

"Basi ni hilo hilo." Akafungua dirisha la upande wa pili, akafunika makopo mawili, akanifutia kiti kwa kiganja.

Meza ilikuwa ile ile ya kutengenezea saa, lakini saa za watu zilikuwa zimesukumwa ndani ya boksi la viatu. Mahali pake palijaa vipande vya lile povu jeupe linalokuja na televisheni kwenye katoni. Kila kipande kimebandikwa kibao chembamba kama ukuta wa kiberiti, na juu yake pameandikwa tarehe ya kubandikwa. Aliniambia ni mambo ya ndege, ndogo, ya kurusha kwa rimoti. Bawa lake ni povu, na povu peke yake hukatika, kwa hiyo huvishwa mbao nyembamba juu na chini.

"Kuvisha si kazi," alisema. "Kazi ni gundi."

"Si ile ya viatu? Ile inashika hata soli ya askari."

Alichovya njiti kwenye kopo la gundi ya viatu, akadondosha tone moja kwenye kipande cha povu. Povu likaanza kuzama taratibu, likawa kishimo, kishimo kikatokea upande wa pili.

"Inakula," alisema. "Na supaglu inakula vilevile."

Gundi nyeupe ya mafundi seremala haili, lakini ina maji. Ikifungiwa kati ya mbao na povu haipati hewa, wiki inapita bado mbichi, na mbao inapinda. Ipo nyingine ya rangi ya asali ambayo huvimba ikikauka. Usipoigandamiza vizuri inainua mbao, bawa linatoka na vinundu. Na ipo ya chupa mbili, unachanganya. Hiyo haili wala haivimbi, ila ni nzito. Unaimwaga, halafu unaikwangua kwa kadi ya simu mpaka ibaki kama jasho tu.

"Ukiwa mkarimu," alisema, "ndege inabaki chini."

"Ni kama wachumba tu, Mzee. Mwenye haraka anakula, mpole hakauki, mwenye nguvu mzito."

Alicheka, kisha akafunika mdomo kwa mkono kama mtu aliyekumbuka kwamba ana msiba.

Baada ya siku ile nikawa napita mara kwa mara. Nilimwambia Mama Pacha hakuna anayenusa chochote, akasema, "Haya, wewe mtetee." Mzee alikuwa akisimulia huku mikono inafanya kazi, na hakuwa akinitazama. Mambo ya ndege hakumfundisha binti yake. Binti ndiye aliyemfundisha yeye. Aliishi miaka ishirini na miwili tu, hakuwa na mama tangu mdogo, na siku za mapumziko baba na mwana walikwenda kurusha kwenye uwanja wa nyuma ya kiwanda. Mabawa ya ndege hii aliyakata binti, kwa waya wa moto, wiki moja kabla mapafu hayajamlaza. Alilala wodini siku kumi na moja. Siku ya tisa alimwambia baba yake, "Usije ukaiweka kabatini. Irushe." Naye akaitikia.

Na uwanja wenyewe ulikuwa umeshauzwa. Mwezi unaofuata wangeanza kuchimba misingi.

"Mara ngapi aliniambia, baba, gundi ya viatu weka mbali," alisema siku moja, macho dirishani. "Wiki ile ya kwanza baada ya mazishi nilitaka kazi ya mikono tu. Nikashika kopo lililokuwa karibu. Nikapaka bawa la kushoto lote. Nilisikia linachemka, mwanangu. Nikakaa nalitazama linavyokwisha."

Nilimpangusa mtoto mate ambayo hayakuwepo.

Bawa jingine la kushoto alikuwa amelikata mwenyewe, kwa kufuata vibao vya umbo alivyoacha binti. Lilikuwa limening'inia ukutani, limevishwa tayari kwa ile ya chupa mbili. Siku hiyo nililishusha. Jepesi, gumu, limenyooka. Nikaligongagonga kwa kucha, hakuna mahali palipoachia. Tarehe yake ilikuwa ya wiki tano nyuma.

Mimi nimeishia la saba, lakini hesabu hiyo haikunishinda.

"Mzee," nikasema, "gundi si umeshaipata? Hivi vipande vya leo ni vya nini?"

Aliinuka, akavuta shuka lililokuwa juu ya kabati na kuteremsha bawa la kulia. Lilikuwa bado povu tupu, na juu yake kulikuwa na maandishi ya kalamu nene, herufi za mviringo, za haraka. JUU. Mbele ni huku. Baba usisahau tundu la waya. Na karibu na ncha, penye bonde dogo: Hapa waya wa moto ulinikwama, samahani, jaza kwanza.

"La kushoto lilikuwa na maneno yake pia," alisema. "Sikuwa nimeyasoma yote."

"Piga picha kwa simu."

"Nimepiga. Picha ni bapa." Akapitisha kidole juu ya neno samahani, kalamu ilikuwa imebonyeza povu. "Yeye alikandamiza hapa."

Nilielewa kwa nini kila gundi ilikuwa na kasoro: mbao ikishika, maneno yale yanafunikwa. Mbao zilikuwa tayari zimekatwa kwa kipimo, matofali ya kugandamizia yamepangwa chini ya meza, yamefutwa vumbi. Hakuna kilichokosekana.

Nje palikuwa na jua la saa nne. Mzee alifungua chupa zote mbili, akazifunga tena.

"Nimemwahidi," alisema. "Nisipovisha leo, sitavisha." Akanyoosha mikono kuelekea mgongoni kwangu. "Kuchanganya nitachanganya mimi, matone nitapima mwenyewe. Lakini kupaka, mwanangu, nipakie wewe. Nipe huyu mtoto nikae naye pale mlangoni. Na ukimaliza usiniambie ulianza na neno gani."