Majembe Kwenye Mafunjo ya Kigali

Nilifunga safari kwa sababu ya aibu. Miaka minane nimefundisha mafunjo hapa Ngara kwa chaki ya kijani, na Mto Kagera unapita jirani, mpaka msichana mmoja wa kidato cha pili aliponiuliza kama nimewahi kuyagusa. Sikuwahi. Basi, mapema mwaka 1990, nikamwandikia Domitila, mwalimu wa Kigali tuliyefahamiana kwenye semina, aliyetaka kuwafundishia wanafunzi wake bondeni, kwenye mafunjo yenyewe. Akajibu: njoo.

Ijumaa asubuhi nilivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda. Afisa wa mpakani aliuliza naenda kufanya nini. Nikasema kuangalia majani. Alipekua begi langu mara mbili.

Jioni, nyumbani kwake mtaa wa Kimisagara, Kigali, Domitila alinipakulia ndizi na maharage, yeye hakula. Mkuu wake wa shule alimpa Jumamosi moja tu, naye angekuja saa nne kukagua. Asiporidhika, wanafunzi hawatoki tena.

"Anasema bondeni iko mbu tu," akaniambia. "Kesho ataona iko shule."

Jumamosi tulichelewa nusu saa kwa kosa langu, maana niligoma kukanyaga tope na viatu vyangu vya harusi. Tulipofika bondeni, mimi na mabuti ya kuazima, wanafunzi walikuwa wamefyeka kipande kizima cha mafunjo na kukipanga malundo nadhifu.

"Nani amewaambia mukate?" Domitila aliuliza.

Kiranja akafuta jasho. "Madamu, leo iko samedi. Ulisema tukuje bondeni asubuhi. Tukabeba majembe."

Samedi ni Jumamosi, na Jumamosi asubuhi huko ni umuganda, kazi ya pamoja ya raia wote. Ukiwaita watu nje saa hiyo, jembe halihitaji kutajwa. Nilicheka. Domitila akakaa juu ya lundo akalia, nikajiona mjinga.

Kiranja yuleyule ndiye aliyeona maji. "Madamu, yanatoka kwa mafunjo iko safi. Hapa tulikata iko udongo tupu. Sababu gani?"

Domitila akafuta machozi, akaingia majini hadi magotini, na somo likaanza: jinsi mafunjo yanavyochuja maji. Na mimi nikashika shina. Lina pembe tatu. Miaka minane nimelichora duara.

Saa nne mkuu akafika. Chupa mbili tulizomwonyesha, moja ya maji safi, nyingine ya tope, hakuzitazama. Alitazama kule kulikofyekwa, akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Hii ndiyo kazi, mwarimu. Mukuje kira samedi."

Alipopanda kilima kurudi, Domitila akawageukia wanafunzi. "Samedi ingine mubebe majembe tena. Tutapanda yote tulikata."

Jumatatu, Ngara, nilifuta duara langu ubaoni, nikamwomba radhi yule msichana mbele ya wenzake. Kisha nikawaongoza wote kwenda Kagera, baada ya kuhakikisha hakuna aliyebeba jembe.