Robo ya Mwisho ya Tanki

Kwa miaka ishirini na miwili Adérito alikwenda kwenye kila moto wa misitu katika milima ile ya Ureno, na miali yenyewe aliiona mara chache kuliko wapiga soga wa mkahawani. Kazi yake ilikuwa pampu ya gari la zimamoto. Wenzake wanne walipanda na mpira wa maji hadi motoni. Yeye alibaki chini kando ya gari, jicho kwenye mshale wa kipimo cha maji, sikio kwenye redio. Mpira ukitetema chini ya kiganja chake, alijua wako hai. Nyumbani nako hakukuwa na mtu. Mkewe alishazikwa, wanawe wako Ufaransa, na kijiji kizima kilikuwa kimebaki na moshi wa majiko saba.

Agosti ile moto ulizuka kwenye mikaratusi juu ya kijiji hichohicho. Helikopta ilimwaga maji kupunguza makali, katapila likafuata likikwangua mkanda wa udongo mtupu, na wale wanne wakaingia nyuma yake na majembe na mpira kuzima cheche zilizovuka. Helikopta ikichelewa, katapila halisogei. Maji yakikatika, wanne wale hawana njia ya kurudi. Ndiyo maana robo ya mwisho ya tanki haiguswi: ni yao, moto ukiwageukia.

Lori la kuongeza maji lilikuwa limekwenda mtoni na halijarudi. Saa tisa mshale ukafika robo.

"Graciano, nimebaki na robo," aliita redioni. "Shukeni."

"Tunashuka, mzee," akajibu mkuu wa kikosi. "Hiyo usiiguse. Moshi umetufunika, hata miguu yangu siioni."

Hapo ndipo Etelvina, jirani yake wa karibu, alipokuja mbio, kichwa wazi. Cheche zilikuwa zimeshika banda lililoegemea nyumba yake, na bomba lilikuwa kavu tangu asubuhi.

"Jirani, dakika mbili tu! Lete huo mpira!"

"Siwezi. Maji ni ya vijana, wako juu."

"Vijana gani? Mbona siwaoni? Mimi unaniona!"

Adérito aliita helikopta redioni; ilikuwa imekwenda kujaza maji.

"Nisamehe, Etelvina."

"Nilikulisha miezi mitatu mguu wako ulipovunjika! Roho mbaya wewe!"

Moto ulitoka bandani ukaingia nyumbani. Paa lilipoporomoka, Adérito alikuwa ameikamata koki kwa mikono miwili, akilia bila kujificha.

Robo saa baadaye wale wanne walitoka kwenye moshi, weusi tii, wakitaniana. Upepo ulikuwa umegeuka. Hawakuhitaji hata tone.

"Umefanya sawa, mzee," Graciano alimwambia.

Adérito aliutazama tena mshale. Ndiyo, alifanya sawa, lakini nani kijijini angeliona hilo, wakati hakuna aliyekufa?

Lori la maji lilipofika, alitumwa kuzima mabaki ya nyumba yasije yakawaka tena. Aliuvuta mpira peke yake, akaimwaga robo ile yote juu ya mawe ya jiko na chuma cha kitanda. Etelvina alisimama pembeni akitazama mpaka maji yalipokatika.

"Kumbe yalikuwa mengi hivi," alisema kwa upole, na upole huo ndio uliommaliza Adérito.