Mtaa Usiovunjwa

Nilimwonea wivu, na wala sifichi. Mwaka wangu wa pili Guangzhou, China, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilipangwa chumba kimoja na msichana Mmarekani mweusi aliyekuja kusoma Kichina kama mimi. Ukutani alibandika picha za mtaa wao: nyumba za mbao zilizojengwa na watu weusi waliotoka utumwani, kila moja na baraza lake mbele. Mji wao ulikuwa umeutangaza mtaa mzima kuwa wa kihistoria. Hauvunjwi.

Yeye alilalamika tu. Bibi yake alitaka kuweka madirisha ya aluminiamu, kamati ya kuutunza mtaa ikamkatalia, ati lazima yabaki ya mbao kama zamani. Alivyosonya, nilitamani kumzaba kibao. Kukataliwa kwenyewe nilikuona ni kudekezwa.

Kwetu Kariakoo nyumba ya bibi yangu, ya vyumba sita na ukumbi katikati, ilikuwa mirathi. Bibi alishafariki, na wajomba walishapata tajiri wa kupandisha ghorofa. Nilivyojua mimi, Mama peke yake ndiye aliyekuwa hajatia sahihi. Siku ileile ya habari za madirisha nilikwenda mtaa wa Xiaobei kwenye kibanda cha simu, nikamsimulia Mama mtaa wa Wamarekani, nikamsihi asikubali.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, hao wana serikali ya kuwazuia," akasema. "Mimi niwazuie kaka zangu haki yao kwa lipi? Nimeshatia sahihi juzi. Nitapata kwangu humo ghorofani, na choo ndani."

Alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mwenzangu aliponiona macho yamevimba aliuliza kulikoni, nikamwambia. Akabandua picha zake mbili kunipa nafasi, nami nibandike za kwetu. Nikatoa bahasha yangu. Mama na bibi wamekaa wima, sisi wajukuu tumepakwa mafuta tunang'aa, nyuma yetu maporomoko ya maji yaliyochorwa kwenye pazia la studio. Ya pili, pazia lilelile. Ya tatu pia.

"Nyumba iko kwenye ipi?" akauliza, akizipekua upya.

Nikamtazama bibi yake kwenye picha pale ukutani, amejiegemeza barazani kwake. Nikamweleza kwamba kwetu, siku ya kupiga picha, watu walivaa nguo za Idi, wakafunga mlango, wakaenda studio. Hakuna aliyewahi kufikiria kuipiga picha nyumba.