Lita Mia na Ishirini

Mzee Koki alikuwa fundi bomba kwa miaka thelathini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakupatikana mtu wa kumziba mdomo. Akiitwa kwenye nyumba ya watu, kabla hajafungua begi la spana alikuwa ameshauliza nyumba ilijengwa lini, tangi liko wapi, na ni punguani gani aliyeunga bomba la juu bila gasketi. Mkewe humwambia kwamba maswali yake yangeuzwa kwa kilo, wangekuwa matajiri.

Ndiyo maana figo zake zilipogoma, akaanza kwenda hospitali kusafishwa damu kila Jumatatu na Alhamisi, kilichomtisha mke si zile sindano nene. Ni ukimya. Mara tatu za mwanzo mzee alirudi nyumbani akalala akiutazama ukuta, wala hakuuliza nani kapiga simu. Maji ya kunywa alipimiwa nusu lita kwa siku, yeye aliyejaza matangi ya mtaa mzima.

Jumapili moja mchana akatamka, "Mama watoto, nitakwenda wiki hii. Baada ya hapo tutaona. Mimi hii kazi siiwezi."

Mama hakuwa mtoto mdogo. Sista wa hospitali alishamweleza bila kuficha kwamba mtu wa hali ile akiacha mashine hamalizi mwezi.

Kesho yake mzee akiwa kitini, damu ikizunguka, macho yake yaliangukia mpira mweupe uliotoka nyuma ya mashine na kuzama ukutani. Akaukodolea macho karibu saa nzima. Fundi wa mashine, binti mmoja mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni, alipopita, mzee akamwita.

"Binti, hiki kidubwana kinakunywa maji kiasi gani?"

"Lita mia na ishirini, mzee. Kila mgonjwa, kila anapokaa."

Mzee Koki akacheka, mara ya kwanza tangu augue. "Mimi nanyimwa kikombe, mwenzangu anabugia pipa. Na yanatoka wapi hayo maji?"

Mama alikuwa mlangoni ameleta sweta, akasikia yote. Binti alipotoka, akamfuata ukumbini akamshika mkono.

"Mwanangu, nakuomba. Usimjibu yote kwa siku moja."

"Kwa nini, mama?"

"Maswali yakiisha, huyu harudi."

Binti akaitikia kwa kichwa. Alhamisi akamwambia mzee habari za tangi la juu, basi. Jumatatu ikawa zamu ya mitungi ya mkaa inayonyonya dawa ya maji, na kwa nini lazima ipimwe kila asubuhi. Mzee alikuwa akichora mabomba nyuma ya kadi ya kliniki kwa mkono ulio huru, na nyumbani akimfundisha mkewe presha ya maji hadi mama akatamani ule ukimya, kisha akajionea aibu kwa kuutamani. Si kwamba mambo yalinyooka. Alhamisi moja misuli ya miguu ilimkaza, akatoka akimfokea kila mtu, na mama akahisi safari hii wamekwisha. Lakini Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi alikuwa amevaa viatu, anataka kujua maji machafu yanaelekea wapi.

Wiki ya sita binti akamnong'oneza mama, "Sina tena. Kimebaki chumba chenyewe cha maji."

Akamwingiza mzee humo asubuhi, kabla ya kuunganishwa na mashine. Mama alibaki kwenye benchi lake la ukumbini. Baada ya nusu saa mzee akatoka, akaketi kando yake.

"Umeona?"

"Nimeona. Wamefunga vizuri. Hakuna hata tone linalovuja."

Akanyamaza. Mama aliuchukia ukimya ule, akawa anangoja neno baya. Mzee akalipapasa benchi, akautazama ukuta wa mbele, akamgeukia.

"Hivi wewe, saa zote nne ninazokuwa mle ndani, huwa unafanya nini hapa?"

Kwa muda wote wa ugonjwa hakuwahi kumuuliza. Mama angeweza kudanganya, lakini uongo haukumjia.

"Saa ya kwanza nalia. Nikichoka, nakula ndizi."

"Unalia nini?"

"Ile Jumapili uliposema 'tutaona'."

Mzee akainamisha kichwa. Sista akachungulia na kuliita jina lake.

"Na hizo saa nyingine?" mzee akamuuliza mkewe.

"Nasikiliza mlango."

Akainuka taratibu, akamshika mkewe kiwiko. "Basi simama, twende kwa sista akutafutie kiti. Kila nikija, ukae pale ninapokuona."