Njia Iliyopita Saluni kwa Redio

Mtaa mzima ulimwita Redio, naye hakuona ubaya, maana alijua mwenyewe kwamba akifungua mlango wa saluni asubuhi, na mdomo unafunguka hapo hapo. Alikuwa msusi mwenye miaka kumi na saba kazini, vidole vyepesi kama vya mchezaji wa ngoma, na saluni yake ilikuwa vyumba viwili ubavu kwa ubavu na kibaraza mwisho wa uchochoro. Nyuma yake palikuwa na kiwanja kitupu cha halmashauri, na ng'ambo ya kiwanja, zahanati.

Siku halmashauri ilipowaita wakazi kujadili mpango wa jiji wa miaka thelathini ijayo, Redio alikwenda kwa sababu moja tu: umeme ulikuwa umekatika na mashine ya kukaushia nywele haifanyi kazi kwa maombi. Ukumbini palikuwa na viti mia mbili na watu tisa, wawili kati yao wamekosea mlango. Afisa mipango, kijana mwenye miwani na ramani kubwa kama shuka, alieleza kwamba jiji litaongezeka maradufu, kisha akaomba maoni.

"Mdogo wangu," Redio akasema, "leo Jumanne, saa nne asubuhi. Ulitegemea aje nani?"

"Sasa dada, watu tutawapata wapi?"

"Wanapokaa. Kwangu mtu akija kusukwa anakaa saa tano. Atakimbilia wapi, na kichwa chake ninacho mimi?"

Watu wakacheka, lakini kijana hakucheka. Aliandika. Kesho yake alikuja saluni na ramani, pini za rangi na kibunda cha uzi mwekundu: mtu aonyeshe anapopapenda, panapomkera, na anapotaka njia ipite.

Wakaitundika mkabala na kioo, na hapo kukazuka vituko, kwa sababu wateja waliitazama kupitia kioo na kila kitu kikawa kinyume. Mwalimu mmoja aliomba kwa dhati taa za barabarani, kumbe anaonyesha katikati ya bwawa la majitaka. Redio akaihamishia pembeni. Kuanzia hapo maneno hayakukauka. Muuza vitambaa alitaka miti ya kivuli kituo cha basi. Binti wa chuo akasema miaka thelathini ni mingi, yeye haimhusu.

"Itakukuta una wajukuu," Redio akamwambia, huku akivuta msuko. "Utataka benchi. Tulia, usinipindishie mstari."

Binti akaweka pini ya benchi.

Juma la pili alikuja mama mkwe wa Redio. Hakuja kusukwa, nywele zake alishazikata zamani, akidai zinamla muda. Alikuja kwa sababu alisikia watu wanaulizwa mambo na yeye hajaulizwa. Alisimama mbele ya ramani, akaegemea fimbo, akatafuta nyumba yake, kisha zahanati.

"Mwanangu, nipe huo uzi."

Akapiga pini moja nyumbani kwake, nyingine zahanati, akaunyoosha uzi katikati. Uzi ulipita juu ya saluni yenyewe.

"Mama," Redio akasema taratibu, "hapo ni hapa."

"Napajua, si nimesimama ndani yake? Na goti langu linaijua barabara kubwa. Nusu saa nzima nazunguka, na zahanati naiona kwa macho."

Ikawa kama kizibo kimetolewa. Kumbe wengi walilitaka jambo hilo hilo, ila nani amwambie msusi huku kichwa chake kiko mikononi mwake? Mpaka Ijumaa nyuzi zilikuwa ishirini na tatu, zote zinapita kibarazani kwa Redio.

Jumamosi jioni, baada ya mteja wa mwisho, alibaki peke yake akifagia. Akasimama mbele ya ramani. Akaing'oa pini moja ya uzi wa mama mkwe, akausogeza uzi kidogo tu, upite kwa jirani yake muuza rangi. Akaondoka, akarudi, akautazama. Kwa muuza rangi palikuwa na mteremko wa mawe ambao hata yeye, na magoti yake mazima, aliushuka kwa kushika ukuta. Alimwona mama mkwe wake pale juu na fimbo yake. Akajisonya, akairudisha pini, na usiku huo mumewe alishangaa kwamba nyumba ilikuwa kimya.

Mkutano wa pili uliitishwa Jumapili alasiri, na viti havikutosha. Afisa mipango akampa Redio nafasi asome yaliyotoka saluni. Alisoma miti, taa, mabenchi. Alipofika kwenye njia, akaikunja karatasi.

"Watu wanataka kupita kwangu," akasema. "Nami sikatai. Ila mimi pia ni mkazi. Njia ya miguu, si ya magari. Chukueni kibaraza na chumba kimoja, mnilipe haki yangu, mniachie cha pili."

Wakabishana saa nzima. Muuza rangi, ambaye hakujua alivyoponea chupuchupu, ndiye aliyemtetea kwa sauti kubwa kuliko wote. Mwishowe wakakubaliana hivyo hivyo.

Mpango wenyewe wa miaka thelathini bado mwingi uko kwenye karatasi. Miti ya kituoni imepandwa minne, mmoja umeshaliwa na mbuzi. Lakini njia ipo, imesakafiwa, na kigari cha mgonjwa kinapita bila kukwaruza ukuta. Redio amebaki na chumba kimoja na viti viwili, na siku za joto bado anakilalamikia kibaraza chake. Mama mkwe naye sasa hupita kila siku, hata asipoumwa, akiingia kumweleza mkwewe nani kaonekana zahanati na anaumwa nini.

"Na mimi ndiye mnaniita Redio," msusi huwaambia wateja, akikaza msuko.