Imondo ya Mwenye Koti

Jescah Muhonja hakuwa mtu wa kukudharau kwa sababu huna kitu. Alikudharau kama huna pasi. Pale soko la Kakamega, upande wa mitumba, wenzake walimwaga nguo juu ya turubai, wanunuzi wakazifukua kama kuku. Jescah hakutaka hayo. Kwake kila shati lilitundikwa, likapigwa pasi ya makaa, kola ikasimama, ndipo akakubali liitwe bidhaa.

Kilichompa jina ni makoti. Ya buluu iliyokolea, vifungo vya shaba, nembo mfukoni yenye simba wawili wanaogombania ngao. Yalikuwa makoti ya shule za ng'ambo, shule ambazo hakuna mtu Kakamega nzima aliyejua ziko wapi, Jescah mwenyewe akiwemo. Walimu waliyavaa siku ya wazazi. Wahubiri waliyavaa Jumapili. Msimamizi mmoja wa wakata miwa kutoka Ekero alifungia ndoa ndani ya koti la namna hiyo, na jua lilivyokuwa kali siku ile, alitoka kanisani ameloa lakini hakulivua.

"Ukiingia na hii koti mahali," Jescah alikuwa akiwaambia wateja, "watu watakupa kiti kabla hujasalimia."

Wala hakudanganya. Kwa makoti hayo, tangu mumewe azikwe, alijenga nyumba ya matofali kule Lurambi na kumsomesha bintiye Lynette mpaka chuo kikuu Nairobi. Ungefanya nini wewe, kama nguo zingekulisha hivyo, usiziamini?

Lynette ndiye aliyemletea mshtuko wa kwanza. Alirudi likizo amevaa shati la kiume, kola imelika ukingoni hadi nyuzi zinaning'inia. Sweta hakuivaa, aliifunga mabegani kwa mikono yake. Miguuni alikuwa na viatu vizuri vya ngozi, soksi hakuna. Jescah alimtazama juu hadi chini akaamini mtoto ameibiwa njiani.

"Nani amekufanyia hivi?"

"Hakuna mtu, mama. Hivi ndivyo mababi wanavaanga."

Akamweleza. Mababi ni wale watoto wa nyumba zenye geti na mbwa, waliojua kuogelea kabla ya kujua kuchota maji. Babi hanunui kitu kipya kikaonekana kipya. Babi hahangaiki na pasi. Kumeremeta ni kazi ya mtu anayetaka kuonekana, na babi ameonekana tangu azaliwe. Shati lile, alisema Lynette kwa fahari, lilikuwa la kijana anayeitwa Elvis, na kabla ya hapo lilikuwa la baba yake Elvis, alipokuwa akisoma udaktari ng'ambo.

Lynette alipokwenda kuoga, Jescah alilichukua lile shati, akaifumua kola, akaigeuza upande mzima ukaja juu, akaishona, akaitia wanga na kuipiga pasi. Kazi safi kabisa. Lynette alipoiona alikaa kitandani akalia.

"Umeiharibu, mama."

Jescah alipigwa na butwaa. Miaka yote ya biashara hakuwahi kulaumiwa kwa kutengeneza kola. Hapo ndipo angeshika somo, lakini mazoea yana taabu, na somo likampita.

Mwaka huohuo, nao ulikuwa tisini na sita, Elvis alileta habari kwamba baba yake atakuja kuposa. Daktari Wangila alikuwa Mbukusu, Mluhya kama wao, mzaliwa wa huko Bungoma aliyehamia Nairobi zamani, mwenye hospitali yake na magari yake. Jescah hakuwa amewahi kumwona hata kwa picha. Lynette alimpenda yule kijana kwa moyo wote, na mama mtu alijua kwamba siku hiyo ikienda vibaya, itakwenda vibaya kwa maisha yote ya mwanawe.

Kwa hiyo alijipanga. Barnaba, ndugu wa marehemu mumewe, ndiye angesema kwa niaba ya nyumba, naye alivalishwa suti. Dorothy, mke wa Barnaba, angepeleka chakula mezani. Jescah mwenyewe angekaa jikoni, kwa maana mama mkwe hakai chumba kimoja na mkwe wake. Lynette angefichwa chumbani mpaka aitwe. Na mgeni angekula kwanza, kwa kuwa kwao mtu haulizwi lililomleta akiwa na njaa.

Juu ya yote hayo kulikuwa na imondo. Mluhya hahitaji kuambiwa, ila wewe uliyetoka mbali ujue: ingokho, yaani kuku, akichinjwa kwa ajili ya wageni, firigisi yake, hiyo imondo, haigawanywi ovyo. Huliwa na mkubwa wao, naye anajua kwayo kwamba ametambuliwa. Kumnyima ni kumwambia hukumwona. Watu wamesusa harusi kwa ajili ya imondo.

Gari lilipoingia uani, Jescah alichungulia kwenye ufa wa mlango wa jikoni. Alitarajia msafara wa wazee wa ukoo, walioshuka ni watatu tu. Mmoja alikuwa kijana aliyeinamisha kichwa, huyo Elvis. Wa pili alikuwa mwanamume mrefu ndani ya koti la buluu lenye vifungo vya shaba, nembo mfukoni, tai imekazwa, viatu vinang'aa. Wa tatu alikuwa mzee mfupi mwenye shati la mikono mifupi ambalo zamani huenda lilikuwa jekundu, suruali ya kaki iliyopauka magotini, na viatu vya kuchomeka tu mguu, bila kamba, bila soksi.

"Huyo dereva wao hawamlipi?" Jescah alimnong'oneza Dorothy. "Daktari mzima, anaacha mtu wake atembee hivyo?"

Kule sebuleni Barnaba aliona alichoona Jescah. Alimpokea mwenye koti kwa mikono miwili, akamwongoza hadi kiti kikubwa chenye kitambaa kilichofumwa. Mwenye koti alijaribu kuinuka mara kadhaa, na kila mara Barnaba alimrudisha kwa bega, akifurahia unyenyekevu wake. Mzee mwenye shati lililopauka alijikalia kwenye benchi karibu na mlango, miguu mbele, kama mtu aliye kwake. Elvis alikuwa ameambiwa na Lynette asiinue macho wala asiseme neno mpaka aulizwe, naye alitii kama askari.

Jescah alipakua kwa mkono wake mwenyewe. Obusuma, ugali wa moto, mboga, ingokho. Imondo aliiweka juu kabisa ya bakuli la mwenye koti, akamwambia Dorothy, "Hiyo isipotee njia." Haikupotea. Mwenye koti aliitazama, akaila kwa matonge mawili, akanawa.

Ndipo Barnaba akakohoa. "Mulembe, wageni wetu. Sasa mmekula. Mzee, tuambie wewe mwenyewe kilichowatoa Nairobi."

Yule mwenye koti alisimama, jasho linamtoka. "Baba, nisamehe," alisema. "Mimi naitwa Kiplagat, ni mtu wa Kapsabet, mila zenu sizijui. Mimi ni dereva tu. Mzee ndiye yule pale kwa mlango."

Dorothy alikuja jikoni mbio, beseni la maji mkononi, maji yanamwagika. Jescah alikuwa ameshasikia. Alikamata ukingo wa meza, akamwona Lynette amesimama kwenye mlango wa chumba, macho yamemtoka.

"Mama. Imondo umepea nani?"

"Yule mwenye koti."

"Kiplagat?"

"Ana magari, na hana soksi?" Jescah alisema kwa sauti isiyokuwa yake. "Lynette, ana hospitali, na shati yake mimi singeiweka hata kwa fungu la mwisho?"

"Nilikuambia, mama. Nilikuambia wanavaanga hivyo."

Ni kweli, alimwambia. Nyumba njema si mlango, hata watoto wa shule wanaijua methali hiyo. Lakini mtu aliyelelewa na vifungo vya shaba utamwambiaje visimsalimie? Jescah aliketi kwenye kigoda, akashika tama, akamwona mwanawe anarudishwa Nairobi bila mume kwa sababu ya kipande cha nyama.

Kisha akasikia kicheko. Daktari Wangila alikuwa akicheka, kicheko kizuri, cha mtu asiye na kinyongo.

"Hapana, hapana, Barnaba, keti," alisema. "Ni firigisi tu. Siku hizi nani anashika mambo hayo? Kiplagat alikuwa na njaa. Tuzungumze upesi, tumalize, nina marafiki wananingoja Eldoret tucheze gofu alasiri."

Barnaba alianza kushukuru. Angeshukuru mpaka kesho, kwa jinsi mzigo ulivyomtoka. Lakini jikoni, Jescah alishtuka kuliko alivyoshtuka kwa kosa lake mwenyewe. Angemwona yule mzee amekasirika angelia na kuomba radhi, na roho yake ingetulia, kwa sababu anayekasirika anakuona. Huyu hakukasirika hata kidogo. Shati tu. Firigisi tu. Posa ya mwanawe imebanwa kati ya safari na gofu. Neno lile "tu" likamwingia mwilini kama baridi.

Alijifunga leso, akafungua mlango, akaingia sebuleni.

Dorothy aliziba mdomo. Elvis, alipomwona mama mkwe wake uso kwa uso, aliruka, akageukia ukuta na kubaki amesimama hivyo. Barnaba alisema "Shemeji," hakuendelea.

"Mzee Wangila," Jescah alisema, "nimekukosea. Nilikuangalia nguo na nikakunyima heshima yako, na hiyo ni aibu yangu, nitakaa nayo. Lakini wewe umekuja kwa nyumba ya mjane kuchukua mtoto wake wa pekee, na umekuja kama mtu anapita dukani. Hukuja na mzee hata mmoja wa ukoo. Kiplagat hata kama ni wa gari amejua anaenda kwa watu. Amefunga tai."

Kiplagat aliinama akatazama viatu vyake.

"Sikudai uje na suti," Jescah aliendelea. "Vaa unavyotaka. Ila hapa hakuna neno litasemwa juu ya Lynette mpaka imondo ikuingie mdomoni. Kama gofu haiwezi kungoja, gari iko nje."

Alirudi jikoni. Nyuma ya mlango wa chumba Lynette alikuwa akilia kimyakimya, hakumlaumu. Walingoja ngurumo ya gari. Haikuja.

Basi jogoo wa mbegu, aliyekuwa akijitapa uani bila kujua siku yake imefika, alikamatwa, akachinjwa, akanyonyolewa. Jogoo mzee hana haraka na moto. Alasiri ikaingia, mvua ya kila siku ikaja na kupita, huko Eldoret mipira ikapigwa na wengine. Daktari Wangila alikaa. Barnaba alisema baadaye kwamba alikaa kama mtu aliyezabwa kofi na anajaribu kukumbuka ni lini alizabwa mara ya mwisho.

Imondo ilipopelekwa, peke yake ndani ya bakuli, aliishika kwa vidole akaitazama.

"Baba yangu ndiye alikuwa anakulanga hii," alisema. "Tulikuwa tunakaa kwa mlango tukimwangalia. Tangu tumzike hakuna mtu amewahi kunipea."

Akaila polepole hadi ikaisha. Akanawa mikono. Kisha alisimama, akajitazama kifuani, akashuka na macho mpaka kwenye vifundo vyake vitupu, kana kwamba ndiyo kwanza anajiona.

"Kiplagat," alisema, "nipatie koti."

Jescah alichungulia kwenye ufa wake. Alidhani ni mzaha, akakunja ngumi. Lakini mzee hakucheka. Alilivaa lile koti, likamfika karibu na magoti, mikono ikameza vidole vyake, naye akaikunja, akafunga kila kifungo cha shaba mpaka cha juu. Alimwomba Kiplagat na tai. Kiplagat, bila koti, alisogezewa kiti kilekile kikubwa na Daktari mwenyewe.

"Wazee wangu wa Bungoma watakuja mwezi ujao, wote, na nitawaleta mimi," Wangila alisema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Leo naomba tu ruhusa ya kuomba."

Jescah alilitazama lile koti kwa jicho la kazi yake. Lilikuwa la mtumba, mshono wa bega ulishafumuka ukarudiwa. Alijifuta macho kwa leso, akamgeukia Dorothy.

"Mwambie Lynette atoke."