Dakika Ishirini za Coloma

Coloma Pons ana miaka sitini na miwili, na pale Ciutadella, kisiwani Menorca, farasi akianza kuchechemea huletwa kwake kabla mtu hajamfikiria daktari wa mifugo. Hana dawa ya ajabu. Anamtembeza tu, hatamu mkononi: kwanza tambarare, halafu juu ya magogo aliyoyalaza chini, halafu kinyumenyume kupanda mteremko, mpaka misuli ya mapaja ipate moto. Dakika ishirini, kila siku, kwa miezi. Wapo wanaomcheka kwamba anawatembeza kama wagonjwa wa wodini, naye huwaacha wacheke.

Kinachomnyima raha ni kwamba hatembei peke yake. Nyuma ya farasi aliye naye husikia kwato za mwingine, mguu mmoja ukiburuta. Ni Falcó, aliyekufa siku moja na kaka yake Coloma, Bep. Akigeuka haoni kitu, na bado anageuka. Anaogopa, basi.

Asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana alikuwa akimtembeza Estel, aliyetoka kupona jeraha la kano ya mguu wa nyuma. Mpandaji wake katika maandamano ya farasi ya siku hiyo angekuwa Tònia, binti wa Bep. Muziki ukipigwa katikati ya umati, Estel angesimama kwa miguu miwili ya nyuma, kama ilivyo desturi, watu wakimsukuma kifuani kwa mikono ili asishuke upesi. Uzito wote ungeangukia mguu ule.

Dakika kumi na mbili zilikuwa zimepita mpiga filimbi wa sikukuu, anayewakusanya wapanda farasi nyumba kwa nyumba, alipofika langoni juu ya punda wake. Filimbi ikilia, mpanda farasi hutoka. Tangu enzi za mababu hakuna aliyethubutu kuingojesha. Tònia, koti jeusi limemkaa sawasawa, akanyoosha mkono apewe hatamu.

"Bado," Coloma alisema.

"Shangazi, usinitie aibu. Mzee wa watu yuko langoni."

"Na angoje. Baba yako sikumngojesha."

Tònia akamuuliza ana maana gani. Miaka tisa, kwa kifo cha Bep, watu walikuwa wameulaumu umati, wakamlaumu Falcó, na Coloma akawaacha.

"Filimbi ililia, nikampa farasi hajapashwa misuli. Nilijua, Tònia. Niliwaonea haya watu, nikampa hivyo hivyo. Falcó aliposimama, kano ikakatika, akamwangukia baba yako."

Tònia akaenda langoni, akamwambia mpiga filimbi kwamba itabidi angoje. Aliporudi aliichukua hatamu mkononi mwa shangazi yake bila kumtazama, akamtembeza Estel mwenyewe.